Paa Lenye Matundu

Nilisikia mchakacho wa mabua makavu ya mtama kabla sijamwona jirani, hapa Area D, akiezeka banda lake la kuku. Nikakumbuka hasira za baba siku moja ya utoto wangu.

Baba alikuwa amejenga kibanda cha Sukoti, sikukuu ya vibanda ya sisi Wayahudi, uani kwetu, kando ya chumba tulichokifanya sinagogi. Paa lake la mabua liliachwa matundu, kama sheria inavyotaka, ili nyota zionekane. Mimi nilidhani Mungu anataka kuchungulia tunakula nini. Familia chache tulizosali nazo zilikuwa zije jua likizama, zikae pamoja chini yake.

Tulipokuwa ndani tukisali, bibi mzaa mama, mgeni wetu kutoka Mlali, alilihurumia paa lile. Akakanda udongo, akalisiriba lote kama tembe ya kwao.

Baba alinusa udongo mbichi, akafumba macho. Mkwe hagombezwi, basi akanigeukia mimi.

“Mwambie bibi yako hili paa sasa ni bure.”

“Mwambie baba yako,” bibi alijibu, kasimama palepale, “hata mbuzi wangu hawalali kwenye matundu.”

“Mwambie matundu ndiyo ibada!”

“Mwambie mvua haijui ibada.”

Baba akapanda kubomoa. Wageni walimkuta ana tope hadi masikioni.

Tulikula chini ya nyota, wali wenye mchanga. Sasa najua bibi aliogopa tusije tukaaibika mbele ya watu. Alimaliza sahani yake, akatazama juu, akasonya, akaingia kwenye nyumba yetu yenye paa la bati na kufunga mlango.