Msiba Bila Mtani

Ngolo Mahona hakuwahi kuingia msibani kimyakimya. Watu mmekaa mkekani, vichwa chini, mara mnasikia sauti huko njiani: "Nani huyu amekufa bila kuniaga?" Hapo mnajua Msukuma amefika. Atapita moja kwa moja hadi ndani, atatafuta nguo ya marehemu, ataivaa, na akitoka humo anatembea kama marehemu na kukohoa kama marehemu. Siku tuliyomzika Mzee Kondo, ambaye ubahili wake ulijulikana mtaa wetu wote wa Mbwawa, Ngolo alivaa koti lake akawa anawapokonya watu vikombe. "Chai imetosha. Mnataka kunifilisi hata nikiwa nimekufa?" Mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekauka kabisa, alicheka, na kicheko kile kikageuka kilio, akalia hadi akapata usingizi.

Kwa asiyejua mambo yetu nitaeleza. Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako, kukuita mtumwa wake, kula chakula chako bila kualikwa, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ila kazi yake kubwa ni msibani. Anachimba kaburi, anabeba jeneza, na katikati ya huzuni anamwigiza marehemu ili watu wapumue. Mashehe wengine walikuwa wakinung'unika, lakini nao nimewaona kwa macho yangu wakiziba midomo kwa vilemba.

Ngolo alifika Mbwawa na ng'ombe wake na mkewe Asteria wakati kwetu bado ni mapori na mashamba ya mihogo, kabla watu hawajaanza kupimiwa viwanja. Alikuwa mfugaji, anauza maziwa. Asubuhi alipakia madumu kwenye baiskeli akaenda nayo sokoni Maili Moja, na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza njiani. Mume wangu Shomari, Mzaramo wa Kisarawe anayechechemea mguu wa kushoto, alikuwa seremala wa vitanda, na karakana yake ilikuwa hapohapo mbele ya nyumba.

"Mtumwa wangu, umeamka?" Ngolo alikuwa anaanza hivyo. "Leo umeuza kiwanja cha nani?"

"Nimeuza hapo unapolala na ng'ombe wako. Tafuta pa kwenda."

"Nitaondoka na mke wangu. Mama, funga mizigo."

Mke anayesemwa ni mimi, Mwanaamina. Nilikuwa na waume wawili, mmoja wa nikahi na mmoja wa utani, na huyu wa pili ndiye aliyekuwa akisifia mapishi yangu.

Halafu vikaja vyama. Vilikuwepo siku zote, najua, lakini nazungumzia ule uchaguzi uliotuharibu. Majina sitayataja. Anayeyataka akaangalie bendera. Hata vingekuwa vyama kumi, mtaani kwetu swali lilikuwa moja tu: wewe wa huku au wa kule? Mama muuza vitumbua wa huku akakosa wateja wa kule. Kikundi chetu cha akina mama cha kuzikana kikavunjika, tukagawana sufuria na turubai kama watu wanaopeana talaka. Msikitini watu walikuwa wanaswali safu moja, wakimaliza wanatoka kwa milango tofauti.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Ninacho kipimo cha presha nyumbani, na majirani huwa wanakuja niwapime. Mwaka ule walikuja kwa wingi. Firdausi, jirani yangu, alikuwa hapati usingizi tangu kaka yake, aliyekuwa wa kule, alipoacha kupokea simu zake. Kijana mmoja mwenye afya yake, mbeba matofali, alinishika mkono akasema moyo unamwenda mbio na hajui kwa nini. Wote walisema ni joto. Nikawa nawaambia wapunguze chumvi. Chumvi gani? Walikuwa wanaogopana, na mimi nilijua, na dawa ya hilo sikuwa nayo.

Shomari alikuwa wa huku. Walimpa fulana na kofia, akawapa mbao za kutengenezea jukwaa. Ngolo hakuwa na upande. Ukimuuliza anasema, "Mimi chama changu kina pembe na mkia."

Basi akafa Badru. Badru alikuwa mpiga debe mkuu wa kampeni za upande wa mume wangu, kijana wa Kizaramo mwenye maneno matamu, aligongwa akiwa kwenye pikipiki akitoka mkutanoni. Ngolo akaja kama kawaida yake. Akavaa fulana ya chama ya marehemu na kofia yake, akasimama kando ya kaburi, akashika gunzi la mahindi kama kipaza sauti, akawahutubia waliozikwa pale zamani. "Ndugu wananchi wa huko chini, naitwa Badru, nimekuja kuomba kura zenu. Mkinichagua nitawaletea maji na umeme humo mlimo." Mama mzazi wa Badru, aliyekuwa amesimama nasi wanawake mbali pembeni, alitabasamu. Nilimwona. Badru mwenyewe angekaa chini kwa kucheka.

Lakini kulikuwa na simu zinarekodi. Hata miguu hatujanawa tuliporudi kutoka makaburini, video imeshaingia kwenye makundi yote ya simu. Watu wa huku waliituma wakisema kule wamemleta mtu amdhihaki maiti wetu. Watu wa kule waliituma wakicheka, wakimwita Ngolo kamanda wao. Wahamiaji wa jana waliokuja baada ya viwanja kupimwa nawasamehe, hawajui mila. Kinachonichoma ni kwamba waliituma hata watu ambao Ngolo aliwazikia wazazi wao na kuwachekesha siku ambayo hakuna mwingine aliyeweza.

Kesho yake vijana walimsubiri barabarani. Wakamwaga maziwa, wakampiga, wakamwacha ameketi kwenye tope jeupe na meno mawili mkononi. Jioni wakaja wa upande wa kule, wamembebea fulana mpya, wanataka apande jukwaani kwao arudie yale aliyoyafanya. Aliwafukuza kwa fimbo ya kuchungia. Kwa hiyo hadi wiki inaisha alikuwa amechukiwa na pande zote mbili.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa wa kusuluhisha. Ngolo alisimama, mdomo bado umevimba. "Nimemzika mtani wangu," akasema. "Kama nimekosea, Shomari aseme. Yeye ndiye mwenye mimi."

Watu wote wakageuka kumtazama mume wangu. Nilikuwa nimekaa na wanawake nyuma, namwambia kimoyomoyo, sema, baba, sema. Ilikuwa ni neno moja tu. Angesema huyu ni mtumwa wangu na ana haki, tena amtukane kidogo, watu wangecheka na yangeisha palepale. Shomari akasimama, anaizungusha kofia mkononi. Akasema, "Siku hizi mambo yamebadilika. Utani mwingine tuupunguze."

Akaketi. Ngolo alimwangalia kidogo, akaomba radhi kwa wote, akaondoka. Siku ile sikupika.

"Ulitaka wanichomee karakana?" Shomari aliniuliza nyumbani. Na kweli wangeweza kuichoma. Hilo sikumbishia. Lakini nilikasirika kwa muda mrefu, na nasema wazi kwamba hasira ile haijaisha yote.

Maziwa Ngolo aliendelea kutuletea. Alisimamisha baiskeli pale pale. "Habari za asubuhi, bwana Shomari." "Nzuri, bwana Ngolo. Za nyumbani?" "Salama, tunashukuru." Basi. Kila siku ya Mungu hivyohivyo, watu wazima wawili wanapeana heshima hadi unataka kupiga yowe. Mimi nami nikawa mama Zuwena, kwa jina la binti yangu. Baiskeli ikishaondoka, Shomari alibaki amesimama na jagi mkononi, hadi nimwite ndiyo ashtuke.

Usingizi ukampotea. Alipima mbao vibaya, vitanda vikawa vinayumba, wateja wakarudisha. Nilimpima presha, iko juu, nikamtafutia dawa, akazinywa bila kubisha, haikushuka. Siku moja akaniambia, bila kuniangalia, "Hebu nenda ukamwambie aje anitukane." Nikamjibu aende mwenyewe, ana miguu. Akaenda. Alifika hadi karibu na zizi la Ngolo, akakuta wanachama wenzake wamekaa kwenye benchi njiani, wakamuuliza, mzee unaelekea wapi? Akasema anatafuta mbuzi aliyepotea. Akarudi nyumbani. Sisi hatujawahi kufuga mbuzi.

Uchaguzi ulipita. Waliopata walipata, waliokosa walikosa, bendera zikapauka kwa jua. Ile hofu ilibaki. Shomari alianguka karakanani akiwa na randa mkononi. Kiharusi. Tulimfikisha hospitali akiwa hai, lakini hakusema tena hadi akafariki.

Tukampeleka Kisarawe, azikwe walipolala wazazi wake. Watu wa Mbwawa walikuja, nawashukuru, ila walikaa chini ya turubai mbili, na katikati palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikalia. Wanawake walilia. Mimi chozi halikutoka. Kifua kilikuwa kimebana kama cha wale niliokuwa nikiwapima, na nilijua ninachosubiri. Nilitundika shati la kazi la Shomari msumarini, pale mlangoni kabisa, ili Ngolo asipate shida ya kulitafuta.

Akaja. Nilimwona kwa dirisha akishuka kwenye pikipiki na Asteria. Sikusikia sauti yoyote njiani. Alivua kandambili, akasalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili, akakaa pembeni ya mkeka. Alichimba kaburi na wenzake. Alibeba jeneza. Kote huko hakutamka la ajabu. Waliporudi kutoka kuzika akaja mlangoni kwa wanawake, ameinama.

"Pole sana, mama Zuwena. Mungu akupe subira."

Nilimwambia kwa sauti, makusudi, wote wasikie: "Msukuma, umekuja kula wali wa watu? Vaa hilo shati ufanye kilichokuleta."

Ngolo aliliangalia shati. Kisha akageuka akatazama uani, kwenye zile turubai mbili, ambako watu walikuwa wamekaa na simu zao mikononi. "Hapana, mama," akasema chini kwa chini. "Marehemu alikuwa mtu wa heshima."

"Alikuwa mwoga," nikasema. "Sema. Alikuwa mwoga, alikuwa anakoroma, na vitanda vyake vilikuwa vinayumba. Sema, Ngolo, nakuomba."

Midomo ikamcheza. Namjua yule mtu, nililiona neno limemfika kabisa kwenye ulimi. Akalimeza. "Mungu amrehemu," akasema, akarudi nyumanyuma hadi uani.

Wifi yangu alinisogelea akasema huyu Msukuma amekuwa mtu mzima sasa, ana adabu sana. Wanawake wakaitikia kwamba kweli, ana adabu. Nikageukia ukutani.

Yaliyofuata nilielezwa na Asteria aliponitembelea nikiwa kwenye eda. Alisema waliondoka kwa miguu kwenda kutafuta usafiri barabarani, na walipoipita nyumba ya mwisho, njia imebaki tupu na mihogo pande zote, Ngolo akaanza kuchechemea mguu wa kushoto kama Shomari. Akawa anapima hewa kwa futi isiyokuwepo, anakuna kidevu, anamwambia mteja asiyekuwepo kwamba kitanda kiko sawa, sakafu yako ndiyo imepinda. Akajijibu mwenyewe, akajitukana mwenyewe kwa Kizaramo kibovu, huku machozi yanamchuruzika hadi kwenye ukosi. Asteria anasema mumewe alikuwa ni Shomari mtupu, na yeye mwenyewe alitaka kucheka. Lakini kwanza akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu.