Nyaya Chini ya Karanga

Masika yale ya kwanza ya ndoa yao, fundi redio wa Kabungu alikabidhiwa jembe, akaumwa mgongo kabla hajainama. Tangu hapo mkewe, Pudensiana, alilima peke yake. Uzeeni fundi akasimika antena yake, mlingoti mmoja wa kushika masafa mengi ili aongee na marafiki wa ng'ambo, akafukia nyaya zake za ardhini, zinazoupa mlingoti nguvu, katikati ya karanga za mkewe. Kila palizi jembe likakata waya, na sauti za marafiki hao zikakatika.

“Mama Selestine, unanikata ulimi!”

“Palilia mwenyewe basi, Baba. Magugu yakizidi hatuvuni.”

Vidole vilivyozoea kulehemu vikajifunza kung'oa magugu. Pudensiana akatangaza jumuiyani kwamba antena imeponya mgongo. Jumamosi iliyopita fundi alionekana amepiga magoti, akimaliza tuta la mwisho, nyaya zote zikiwa nzima.