Moyo Mzuri Sana wa Gudveig

Torleiv hakujua kusifu, na kwa watu wa Hardanger, huko mashambani mbali na Oslo, hilo si la kushangaza. Kwao kitu kikipendeza mpaka kikamtoa mtu machozi, husemwa kuwa si kibaya. Siku ya harusi, Gudveig alipotoka kanisani na bizimu zake za fedha kifuani, bwana harusi alimtazama wee, akasema, "Si mbaya." Bibi harusi alilia kwa furaha, na neno lile analo mpaka leo. "Nzuri" ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Torleiv alipoonja keki ya shemeji yake alisema nzuri sana, akaweka kijiko chini, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena kwake.

Basi mzee huyu, aliyeendesha gari la kusafishia theluji barabarani mpaka akastaafu, asubuhi moja ya Juni alimwambia mkewe avae sweta, wanakwenda kuyaona maporomoko. Gudveig alishangaa. Maporomoko hayo Torleiv aliyapita miaka nenda miaka rudi bila kupunguza mwendo, na wageni wakisimama njiani kupiga picha aliwapigia honi, akinung'unika kwamba maji yalikuwepo jana na kesho yatakuwepo.

Leo alisimama kila penye maji. Alimfunika mkewe blanketi magotini, akammiminia kahawa ya chupa, akampa mikate laini ya siagi na sukari, mwenyewe asitie kitu kinywani. Gudveig alifurahi kudekezwa, lakini alikuwa na lake rohoni. Tangu apasuliwe moyo kule Bergen, mumewe ameshikilia wauze nyumba na shamba la matofaa. Kijana wao Sjur ameshawatafutia nyumba mjini, mlango kwa mlango na hospitali, na kesho anakuja na mnunuzi. Miti ile Gudveig aliipanda kwa mikono yake mwenyewe, na kuiacha kungemmaliza haraka kuliko kisu cha daktari. Kila alipouliza sababu, Torleiv alimjibu habari za mvua.

Wakafika Låtefoss, pale maji yanapoporomoka kando ya daraja na kuyaogesha magari. Torleiv aliegesha, akaacha waipa zikicheza huku jua linawaka. Gudveig alimgeukia, akaona mashavu yamelowa, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Baba Sjur," alisema taratibu, "mbona kama unaniaga?"

Mzee alishika usukani kwa nguvu. Alisema alikuwepo siku ile ya upasuaji, alimsikia daktari kwa masikio yake.

"Alisema nini?"

"Kwamba moyo wako ni mzuri sana." "Sana, mama. Tena akarudia."

Gudveig alimkodolea macho, kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akashika kidonda kifuani. Torleiv alitaharuki, akidhani saa ndiyo imefika.

"Wewe mzee utaniua kweli," alisema akijifuta machozi. "Yule daktari si wa huku. Ni mtu wa Oslo. Kwao kitu kikiwa kizuri, wanasema kizuri."

Torleiv alilipima neno hilo. Halikumwingia kirahisi.

"Wanasema hivyo hivyo tu? Mbele za watu?"

"Mbele za watu, na haya hawaoni."

Waipa zilikwenda na kurudi. Mzee alikohoa, akauliza bila kumtazama, "Sasa moyo wenyewe ukoje?"

Gudveig alimpenda mtu huyu siku zote, lakini pale alimpenda zaidi. Alichukua kiganja chake kikubwa, akakiweka juu ya sweta, pale panapodunda.

"Si mbaya," alimwambia.

Torleiv aliinamia usukani akalia kwa sauti, yeye ambaye hakulia hata kwenye maziko ya mama yake. Alipomaliza alifuta uso kwa mkono wa shati, akala mikate yote iliyobaki, kisha akampigia simu kijana wao. Alisema ameifikiria ile nyumba ya mjini, na kwa kweli ni nzuri sana.

Sjur, mtoto aliyelelewa na wazee hao hao, hakuhitaji mkalimani. Alisema ameelewa, baba, atamwambia mnunuzi asijisumbue kuja.