Kichupa Kilicholala na Bia

Enzi zile za ruksa, mtu yeyote mwenye pesa ya kahawa aliweza kuamka asubuhi akajiita mwenye hospitali. Wa kwetu, pale Mbinga mjini, aliamka hivyo. Jana ananunua kahawa kwa wakulima, leo kavaa koti jeupe, eti Mkurugenzi. Koti lenyewe lilikuwa refu kuliko la daktari. Mimi nilikuwa mtaalamu wake wa maabara, na sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau yule bwana.

Maabara yangu ilikuwa chumba kimoja chenye friji ya mafuta ya taa. Humo ndani nilitunza kichupa kidogo cha maji meupe. Yalikuwa na kingamwili za kutoka kiwandani, zimepakwa juu ya chembe ndogo mno, na kazi yake ilikuwa kukamata protini ya ganda la nje la kirusi cha homa ya ini. Unaweka tone kwenye kioo cheusi, unaongeza maji ya damu ya mtu, unatikisa taratibu. Kirusi kikiwemo, chembe zinashikana, unaona punje punje kama maziwa yaliyokatika. Damu ikiwa safi, tone linabaki laini. Sharti lilikuwa kichupa kikae kwenye ubaridi lakini kisigande. Nilimweleza Mkurugenzi, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri huku anawaza chakula.

Kisha akaandaa sherehe ya kufungua wodi mpya. Akaalika padri na wakubwa wa wilaya, na bia zikajazwa kwenye friji yangu nikiwa nyumbani. Bia zikachelewa kupoa, basi bwana mkubwa akapandisha utambi mpaka mwisho. Wageni wakanywa vya baridi, wakapigia makofi maendeleo. Kichupa changu kikaganda, kikayeyuka, na niliporudi kazini hakuna aliyeniambia neno.

Hazikupita siku nyingi akaletwa mama kutoka Lundo, kijiji cha kando ya ziwa. Alikuwa amejifungua njiani, mtoto mzima, lakini damu ya mama ilikataa kukatika. Alikuja na kaka zake watatu, wavuvi, nao walikunja mikono ya mashati kabla sijawaomba.

"Chukua ya kwangu, dada, hata yote," akasema mkubwa wao.

Damu zao ziliendana na ya mgonjwa. Kipimo cha UKIMWI, ambacho hakikuhitaji friji, hakikuonyesha kitu. Nikafika kwenye homa ya ini. Wa kwanza, punje. Wa pili, punje. Wa tatu, punje.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. "Ukoo mzima umeoza!" akasema. "Hawa watu wa ziwani nawajua, wanaoga humohumo wanamokunywa."

Alisema mbele yao, na mimi mwenyewe wa Kihagara, hukohuko ziwani, nimesimama hapo! Kaka mkubwa akashusha mkono wa shati, akainamisha kichwa. Nikakasirika, tena nikatilia shaka punje za watatu kwa mpigo. Nikaweka tone jingine na maji ya chumvi matupu, yasiyo na damu ya mtu. Punje.

"Mzee, kichupa kimeharibika," nikamwambia. "Hata maji ya chumvi yanaonekana yanaumwa. Naomba gari tukaazime kingine hospitali ya misheni."

"Mafuta ya gari unanunua wewe?" akasema. "Kipimo kimeshasema." Halafu, kana kwamba hajawatukana vya kutosha, akajipiga kifua. "Wangekuwa na damu kama yangu, wangepona hata wakila mawe."

Loo, kajileta mwenyewe! "Lete mkono, Mzee," nikamwambia.

Akakunja koti kwa mbwembwe. Nikatoa damu, nikaizungusha kwenye mashine, nikaweka tone mbele ya macho yake. Nikatikisa. Punje, tena zilizonona.

Sijaona mtu akinywea upesi vile. "Dawa hii mbovu!" akapiga kelele.

"Si ndicho nilichosema?"

Hakunisikia. Alishatoka anamwita dereva ampeleke misheni akapimwe. Gari lilelile! Nikamkimbilia mpaka dirishani. "Mzee, mchukue na mama! Basi njoo japo na kichupa!" Akaniachia vumbi.

Nikaenda wodini kwa daktari, aliyekuwa anamkandamiza mama tumbo, nikamweleza yote. Akawauliza wale kaka kama wamewahi kuwa na macho ya njano. Wakasema hapana. Akamtazama mama, midomo imeshakuwa myeupe.

"Huenda wanayo, huenda hawana," akasema. "Lakini huyu anakufa sasa hivi. Weka."

Tukaweka ya kaka mkubwa, halafu ya wa pili. Niliogopa, sisemi uongo, maana sikujua kama namwokoa au namtia ugonjwa. Jua lilipoanza kushuka mama akafungua macho, akadai mtoto wake.

Mkurugenzi akarudi meno yote nje. Yu safi! Misheni wamempima, tone limebaki laini, akatuhadithia mara mbili. Akaagiza soda kwa kila mtu, akapita wodini akipeana mikono. Kichupa hakuleta. Kaka mkubwa, bado ana pamba kwenye mkono, akamwamkia kwa heshima zote, akamuuliza kama angependa kumwona dada yao.

"Dada yenu yupi?" akasema.