Mjomba Hana Ugumu Wowote

Mjomba wangu wa Mchinga alikuwa mkwezi wa minazi, mpaka mnazi mmoja ulipomshusha kabla hajamaliza kazi. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mguu wenyewe hakuulalamikia. Kilichomkera ni kwamba tangu siku hiyo kila aendako ilibidi apelekwe. Akitaka kwenda harusini, aombe mtu mwenye baiskeli, aseme ni harusi ya nani, na mkewe aulize huko kuna nani.

"Mtu mzima," aliniambia, "anatakiwa awe na mahali pa kwenda ambapo hajamwambia mtu."

Mimi nilikuwa napita tu. Nilitoka Mingoyo kupakia mihogo kwenye malori, naelekea Kilwa kufanya sijui nini, nikasema nilale Mchinga siku mbili. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kusoma sikuacha. Nasoma hata gazeti lililofungia chapati. Basi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji nikasoma tangazo kwamba mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba serikalini kifaa cha kumsaidia, ikiwemo baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Nikamweleza mjomba. Akafikiri, akauliza kama ina kengele.

Siku mbili zikawa miezi mitano.

Barua ya mtendaji tuliipata. Picha ndogo tulipiga mara mbili, kwa kuwa katika ile ya kwanza mjomba alidai ametoka kama mgonjwa. Siku ya kwenda Lindi kwa afisa ustawi wa jamii, mkewe alimpigia kanzu pasi, kisha akatoa sandukuni mguu wa mti. Alichongewa na seremala baada ya ajali, mguu mzuri, una mpaka kifundo, ila akiuvaa zaidi ya saa moja humchubua, kwa hiyo ni wa Idi na maulidi tu. Wakauvisha soksi na kiatu kilichong'arishwa. Nikasema labda leo auache nyumbani. Wote wawili wakaniangalia kama niliyesema aende bila kanzu.

"Nikasimame mbele ya serikali na kiatu kimoja?" mjomba aliuliza.

Afisa alikuwa binti kutoka bara, mpole, mgeni wa pwani. Alikuwa na fomu ya awali yenye maswali, na kila swali na visanduku vyake: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Fomu ikionyesha ugumu, unaandikiwa kwenda kwa daktari. Isipoonyesha, unarudi nyumbani.

"Shikamoo mzee. Unapata ugumu kutembea?"

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillah."

"Yaani unatembea vizuri?"

"Tunamshukuru Mungu."

Akatia alama. "Kupanda kilima au ngazi?"

"Minazi nimepanda miaka thelathini."

Akatia alama. "Kuoga na kuvaa mwenyewe?"

Mjomba alijitazama kanzu. "Wewe unanionaje?"

Kwetu ndivyo tulivyo. Ukiulizwa hali, unajibu njema hata kama nyumba inaungua. Moto utautaja baadaye, mkishamaliza kuulizana habari za watoto. Na fomu ile haikuwa na swali la watoto. Nikafungua mdomo nimsaidie, mjomba akanikanyaga kidole kwa mguu wa mti. Mguu wa mti hauna huruma.

Tulitoka na karatasi iliyoandikwa kwamba mzee hana ugumu wowote. Mjomba aliishika kwa fahari mpaka getini. Hapo ndipo alipoikumbuka baiskeli.

Nikaanza kumfundisha kulalamika. "Sema, natembea kwa shida."

"Natembea kwa shida," alisema, kisha akaongeza haraka, "lakini namshukuru Mungu."

Tulikwenda hivyo siku nne. Siku ya tano akajilaza mkekani na kutangaza kwa sauti ya kukata roho kwamba miguu yote miwili imemshinda, haoni, na masikio yameziba. Nikamwambia hilo nalo halifai.

"Basi chagua," akasema. "Nishukuru au nidanganye. Katikati yake mimi sipajui."

Tungeishia hapo kama mtani wake asingefika. Ni mzee wa Milola, wa kabila ambalo na letu ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana msibani kwako, na ukinuna, wewe ndiye uliyekosa adabu. Alikaa barazani, akamsimanga mjomba mpaka kikombe cha kahawa kikaisha, nami nikasikia visanduku vya fomu vikijazwa kimoja baada ya kingine. Chini kabisa ya fomu, kwa maandishi ya sisimizi, nilikuwa nimesoma kwamba mtu anayemfahamu mwombaji anaweza kumsaidia kujibu. Tukaondoka naye kwenda Lindi.

Binti alirudia swali la kutembea.

"Huyu?" alisema mtani. "Huyu akitoka kitandani kwenda chooni, anaondoka adhuhuri anafika alasiri."

"Mwongo," alisema mjomba. "Robo saa."

Binti akaandika.

"Na njiani anaanguka mara saba. Kuku wakisikia anatoka, wanahama."

"Mara mbili. Na kuku tunaye mmoja."

"Kuoga anaogeshwa na mkewe, kama mtoto ambaye hajatolewa nje."

"Ananishika tu nisiteleze," mjomba akasema.

"Kwa nini uteleze, mzee?" binti aliuliza.

Mtani aliinama, akagonga kile kiatu kwa bakora yake. Kikatoa sauti ya mlango.

"Hodi," alisema.

Mjomba alitaka kununa, lakini mtani hanuniwi. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Kisha akafungua mikanda, akauinua mguu na kuulaza juu ya meza ya serikali, soksi na kiatu na vyote.

"Unachubua," alimwambia binti. Ni malalamiko ya kwanza niliyoyasikia kwake.

Daktari alikuwa kazi ndogo. Baiskeli ilifika baada ya masika, nyekundu. Siku mbili mjomba aliizungusha uani. Siku ya tatu alikunywa chai, akatoka, na adhuhuri hakurudi. Mkewe alinituma msikitini, dukani, kwa fundi cherehani. Hakuna aliyemwona. Alirudi karibu na magharibi, ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Ulikuwa wapi?" mkewe aliuliza.

"Huko."

Kesho yake nikafuata alama za magurudumu, maana kutokujua huniwasha. Zilikuwa wazi mchangani, zikapita nyuma ya shule na kuingia minazini. Nilifika kwenye mnazi wa kwanza, nikasimama kidogo, nikageuza. Mkewe aliponiuliza, nikamwambia zimeishia barabarani.