Mubashara Kutoka Darasa la Sita

Klipu ile ilinikuta kwa muuza samaki, Ilala. Mama mmoja tunayepanga naye nyumba moja alinisogezea simu yake.

"Mwalimu, huyu si wewe?"

Nilikuwa mimi. Wanafunzi wangu wa Darasa la Sita walikuwa wamezunguka beseni la mchanga, wakimwaga maji kwa kopo ili waone mto unavyojichimbia njia. Wengine walikuwa wamepanda juu ya madawati na kubishana kwa sauti. Aliyerekodi alisimama dirishani. Chini ya klipu aliandika: "Jiografia au kufua?"

Alikuwa mwalimu wa taaluma wa shule yetu, mtu wa umri wa baba zangu wadogo, niliyekuwa nikimwamkia kila asubuhi. Hakuingia darasani kuniuliza lolote. Aliitupia kwenye kundi la wazazi, na wazazi wetu wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo, kwa hiyo hadi jioni ilikuwa imezunguka duka kwa duka. Nilipopita Mtaa wa Msimbazi kununua kitambaa, muuzaji aliniuliza kama nahitaji na sabuni.

Mkuu wa shule akaniita. Alisema wazazi wamelalamika, na kwamba Darasa la Sita litachukuliwa na mwalimu wa taaluma mwenyewe, aliyekuwa amekaa pembeni ya meza.

"Binti yangu," akaniambia, "mtoto anafundishwa kwa kusikiliza. Haya ya kumweka mwanafunzi katikati mliyasoma chuoni, yaacheni hukohuko."

"Nimekuelewa, mwalimu," nikajibu. Nilitabasamu kabisa. Usingizi wangu uliharibika kwa wiki kadhaa.

Lakini kulikuwa na jambo asilolijua. Kabla sijanyang'anywa darasa, niliwaachia watoto swali: kwa nini Mto Msimbazi hufurika hata siku ambayo mjini hakujanyesha? Wanaoishi karibu na bonde waliupiga picha mto kwa simu za wazazi wao, wakanitumia. Tulikuwa tujadili wiki iliyofuata. Hatukujadili. Watoto wakabaki na swali lao, mikononi mwa mtu ambaye hapokei maswali.

Siku ya wazazi ilipokaribia, nilimwendea mkuu kwa unyenyekevu. Nikapendekeza safari hii wazazi waonyeshwe somo lenyewe, lirushwe mubashara kwenye ukurasa wa shule ili na walioko madukani waone. Ukurasa huo nilikuwa nikiusimamia mimi.

"Afundishe nani?" mkuu akauliza.

"Mwalimu wa taaluma. Ndiye mzoefu. Na mada iwe mito, wameifikia."

Mwalimu wa taaluma alifurahi. Alikuja na tai. Mimi nilisimama mbele, nimeshika simu.

Akafungua notsi zake zilizobadilika rangi, akaanza kusoma, watoto wakaandika. Alisoma, wakaandika. Baba mmoja kwenye benchi la nyuma alianza kusinzia. Ndipo binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini Msimbazi unafurika hata siku ambayo huku mjini hakujanyesha?"

"Hilo halimo kwenye somo. Andika."

Mkono mwingine ukanyooka. Swali lilelile. Kisha wa tatu.

"Nani amewafundisha utovu wa adabu?" akafoka. "Wewe, toka nje."

Mama mmoja mwenye duka la viungo, mwenye sari ya kijani, akasimama polepole. "Mwalimu, stoo yangu iko kule bondeni. Maji yaliingia jua likiwaka. Hata mimi nataka kujua."

Mwalimu wa taaluma alitazama notsi, akatazama ubao, kisha akanitazama mimi. Jibu nilikuwa nalo, na neno moja tu kutoka kwangu lingemwokoa. Nilimsogezea simu karibu na uso, nikaishikilia hapo hadi jasho lake likaonekana vizuri.

Aliyejibu ni yule mtoto aliyefukuzwa, akiwa mlangoni. "Mvua inanyesha huko juu milimani, mama. Maji yanashuka yanatukuta sisi." Wazazi wakampigia makofi.

Muhula uliofuata nilirudishiwa Darasa la Sita, na taaluma akapewa mtu mwingine.

Siku moja yule mwalimu wa taaluma wa zamani alinifuata nikiwa peke yangu ofisini. Akavuta kiti.

"Ulipanga," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

Akaniambia binti yake yuko chuo, na wenzake wanamcheka. Akaniomba niondoe ile video kwenye ukurasa.

"Klipu yangu bado iko kwenye kundi la wazazi," nikamwambia.

Akatoa simu, akajaribu kuifuta mbele yangu. Ilikuwa imekaa muda mrefu mno, ikakataa kufutika kwa wengine. Akanionyesha kioo.

"Pole," nikamwambia, nikaendelea kusahihisha madaftari. Video yake iko palepale, na nimeibandika juu kabisa ya ukurasa.