Saa Aliyozaliwa Apolline

Tangu mkewe, Apolline, arudi kwao Fizi kumchukua mama yake, Byamungu alikuwa hali chakula mpaka Yvette, binti yake, amsogezee sahani na kumsimamia. Apolline alisema atarudi kabla maharage hayajatoa maua. Maharage yakatoa maua, yakavunwa, yakapandwa mengine. Simu yake haikupatikana tena. Waliofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka huko walisema njia imejaa bunduki, na hakuna aliyemwona.

Byamungu alikuwa mtu wa haya, asiyependa kumsumbua mtu kwa shida zake. Siku aliyokwenda Ruti, nje ya kambi, kununua mnyororo wa baiskeli, alizungusha kofia mikononi muda mrefu ndipo akamwambia mwenye duka, Mhindi mmoja mzee aitwaye Kantilal, kwamba amesikia anasoma nyota. Aliongea kwa sauti ya chini. Mchungaji wa Juru, mtaa wao kambini, angesikia, angemtoa kwenye kwaya.

"Leta siku alizaliwa," Kantilal alisema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Na saa."

"Tarehe moja, mwezi wa kwanza. Saa sijue, mzee."

Kantilal alichora mraba, akaugawa vyumba kumi na viwili, akahesabu kwa vidole. Kisha akaeleza polepole. Zohali, ile sayari nzito inayotembea kwa kujikokota, sasa ilikuwa imeingia katika chumba ulimokuwa mwezi siku Apolline alipozaliwa. Ikikaa humo humbana mtu na kumfungia njia. Ikihamia chumba kinachofuata, humwachia.

"Yeye takuja. Wewe ngoja nyumbani. Hapana fuata yeye sasa, takuwa mbaya."

Usiku ule Byamungu alipata usingizi.

Hazikupita siku nyingi, Prince, mdogo wake Apolline, muuza vitenge, akaja mbio shambani. "Shemeji, kuna gari ya bacuruzi, bale ba biashara, inashuka mpaka Uvira, njia ya Fizi. Tuende bawili, tumutafute."

"Tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Dada atakuja sababu weye unakaa ku kiti?"

"Njia yake haijafunguka," Byamungu alisema huku akitazama jembe.

Prince alimkodolea macho kama mtu aliyemkuta mgonjwa akiweweseka. Peke yake aliogopa kwenda. Gari likaondoka bila wao, na baada ya hapo wafanyabiashara wakasema hakuna tena anayethubutu kushuka.

Byamungu hakujuta. Alikuwa na Zohali yake. Asubuhi moja kwenye bomba la maji, jirani yake Vénant, Mrundi mwenye mdomo usiopumzika, alimuuliza kwa nini anatabasamu na dumu tupu. Kwa furaha ya kujidanganya akajikuta amemsimulia yote.

"Ulimpa tarehe ipi?" Vénant akauliza.

"Moja ya kwanza."

Vénant akacheka mpaka akashika bomba. "Bwana wee, hata mimi ni moja ya kwanza. Marcienne wangu pia. Na Audace yule mwizi wa mbuzi. Asiyejua siku yake, si walimwandikia hiyo tulipoandikishwa ukimbizi? Basi Zohali imekalia Juru nzima."

Watu kwenye foleni walicheka. Byamungu alicheka nao, kwa aibu.

Alikuwa analijua hilo. Alikuwepo siku Apolline alipoandikiwa. Lakini kila mwaka mpya walipika wali, nusu kwa ajili ya mwaka, nusu kwa ajili yake, na watoto wakamwimbia, mpaka tarehe ya kuandikiwa ikawa yake. Na kwa ajili ya tarehe hiyo aliliacha gari likaenda.

Alirudi Ruti bila kumuaga mtu.

"Mzee, ile siku haikuwa yake. Walimpa tu."

Kantilal hakukasirika. "Nani najua ya kweli?"

"Mama yake."

"Iko wapi mama yake?"

"Ndiye huyo Apolline alikwenda kumchukua."

Mzee alisogeza sogeza boksi la misumari. "Kama mtu hana saa, sisi nachukua saa ya swali. Swali pia nazaliwa, kama mtoto. Lakini uliza ile ya kweli. Wewe sema, mimi naangalia saa."

Byamungu alifungua kinywa aseme lile alilokuja nalo mara ya kwanza, kwamba atarudi lini. Halikutoka. Likatoka lingine, ambalo hakuwahi kulisema hata alipopiga magoti kusali.

"Yuko hai?"

Kantilal alitazama saa ya ukutani, akaandika, akaanza kuchora. Byamungu akavaa kofia yake na kutoka. "Mimi bado maliza," mzee aliita. Byamungu hakugeuka mpaka alipovuka barabara ya Kabale. Kutoka upande ule aliuona mlango wa duka, na ndani yake kichwa cheupe kilichoinama. Mkono wa mzee ukaandika, ukahesabu, ukaandika. Kisha ukasimama. Mzee akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi, asiivae tena.

Byamungu akapanda gari la kwanza lililosimama.

Nyumbani Yvette alikuwa amesimama mlangoni. "Papa, kule bombani wanasema umerudi kwa yule mzee wa nyota. Amesema nini?"

"Anataka saa ile mama yako alizaliwa," Byamungu alisema, akikaa mbele ya sahani. "Bibi yako ndiye anaijua. Tutangoja yeye na mama yako baje nayo."